Kibombo: Sanduku la wagonjwa litangulie konseri

Mgonjwa akizidi uwezo wa familia yake huko Kibombo, njia ya kutafuta pesa inajulikana na kila mtu. Kwanza ndugu hukaa kikao. Wakiona mfuko wa ukoo hautoshi, jina la mgonjwa hupelekwa kanisani au msikitini na kusomwa kwenye matangazo. Baada ya siku kadhaa vijana wa kwaya huanza kuzunguka na karatasi ya mwaliko: konseri ya kumsaidia ndugu yetu, Jumapili saa nane mchana, kiingilio ni moyo wako.

Aliyewahi kukaa kwenye konseri ya aina hiyo anajua inavyokwenda. Kinanda kinatumia jenereta iliyoazimwa. Kwaya tatu au nne kutoka madhehebu mbalimbali zinapokezana, na kati ya wimbo na wimbo anasimama mtangazaji mwenye ulimi mtamu. Kuku anapigwa mnada, ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha mezani, anapigwa mnada tena. Kuku huyo huyo anaweza kuuzwa mara tatu kabla ya jua kuzama. Mkungu wa ndizi vilevile, na dumu la mawese. Halafu yanakuja mabanga. Katika muziki wa Kongo, mabanga ni majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo ili mwenye jina afungue pochi, na kwenye konseri ya mgonjwa ufundi huo unatumika bila aibu. Mfanyabiashara akitajwa mbele ya majirani zake wote, na mtangazaji akaongeza kwamba "mgonjwa anakusalimia, Papa", hana pa kujificha. Mwishoni pesa zinahesabiwa mbele ya watu, franga zilizokunjwakunjwa pamoja na noti chache za dola, kiasi kinatangazwa, sala inafanywa, na watu wanarudi nyumbani.

Hakuna sababu ya kuubeza utaratibu huu. Katika wilaya ambayo mkaaji wa kawaida hana bima, hana mshahara wa mwezi na hana mtu serikalini wa kumpigia simu, konseri ni moja ya njia chache zinazoweza kukusanya fedha taslimu za maana kwa siku moja. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu kwaya fulani iliimba. Tena ni mahali ambapo Mkatoliki, Mmethodisti, Mkimbanguisti na Mwislamu hutoa kwenye beseni moja bila kuulizana dini, jambo ambalo wanasiasa wa jimbo wamelishindwa kwa muda mrefu.

Kasoro yake iko kwenye saa. Konseri huja nyuma ya ugonjwa.

Chukua magonjwa yanayowafikisha wakaaji wa vijijini kwenye meza ya upasuaji. Ngiri iliyobana utumbo haimpi mgonjwa wiki mbili. Mama ambaye uchungu wake umekwama na mtoto hatoki anahesabiwa kwa saa. Mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu anahitaji kuongezewa damu siku ile ile, pengine saa ile ile. Kwaya, hata iliyo na bidii namna gani, inahitaji walau Jumamosi mbili za mazoezi, jenereta ya kuazima, na ruhusa ya mwenye ukumbi. Kwa hiyo siku kuku anapopigwa mnada, jambo kubwa limekwisha kuamuliwa. Mgonjwa ama alitibiwa kwa mkopo, ama familia iliuza baiskeli, mbuzi na gunia la mpunga la mbegu, ama alikaa nyumbani akisubiri. Konseri inalipa deni. Matibabu yenyewe yalilipiwa na kitu kingine, au hayakulipiwa kabisa.

Deni hilo lina sura yake mbaya. Mgonjwa aliyepona lakini hajamaliza kulipa mara nyingi haruhusiwi kwenda nyumbani. Anabaki wodini au uani, anapikiwa na ndugu zake, na kila siku inayopita gharama ya kumlisha inaongezeka kwa watu wale wale wasiokuwa na kitu. Jambo hili halipo Kongo peke yake. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliokuwa wakizuiliwa katika hospitali za Burundi, na mwaka huo huo serikali ya nchi hiyo ikafuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Nchini Kenya, Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafungia hospitalini wanawake wawili walioshindwa kulipa baada ya kujifungua kulivunja haki zao za kikatiba. Hukumu hiyo ilisifiwa sana. Hata hivyo taarifa za wagonjwa na hata maiti kuzuiliwa kwa deni hazijakoma nchini humo, kwa sababu jaji anaweza kufungua mlango wa wodi lakini hawezi kulipa bili.

Hospitali nayo ina upande wake, na si haki kuuruka. Katika sehemu kubwa ya Kongo, pesa anayolipa mgonjwa ndiyo inayonunua dawa, glovu na mafuta ya jenereta ya chumba cha upasuaji. Wapo wauguzi wasiopokea mshahara wa Serikali, wanaoishi kwa mgao wa mapato hayo hayo. Mganga mkuu anayewasamehe wagonjwa watano kwa mwezi anaweza kukosa uzi wa kushonea mgonjwa wa sita. Kumwita mkatili ni rahisi kwa mtu asiyewahi kushika daftari la duka la dawa la hospitali.

Kibombo inabeba mzigo mwingine juu ya huo, ambao ni umbali. Wilaya hiyo ya kusini mwa Maniema ina zoni za afya, zikiwemo Kibombo na Tunda, na hospitali zake zinafanya kazi kubwa kuliko vifaa vilivyomo. Ile ya Tunda, iliyotokana na kanisa la Wamethodisti, imehudumia watu wa eneo hilo kwa miongo mingi. Lakini ugonjwa ukiwa mgumu, rufaa ni Kindu. Reli iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Kindu kwenda Kongolo inapita Kibombo, na wazee wanakumbuka jinsi ilivyokuwa ikitegemewa. Siku hizi treni ya SNCC haiwezi kuwekwa kwenye ratiba ya mgonjwa. Inabaki pikipiki, mgonjwa akiwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshika, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope na madaraja ya magogo huwa ya kubahatisha. Mama aliyepasuliwa juzi hasafirishwi hivyo bila kuumizwa.

Zaidi ya Kindu kuna anga tu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Maniema aliyehitaji daktari bingwa, na ambaye familia yake iliweza kupata nauli ya ndege, aliangalia Goma au Bukavu. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wake wa ndege ulifungwa, na katikati ya Februari Bukavu nayo ikafuata. Kinachobaki kwa wengi ni Kinshasa, upande wa pili wa nchi, mbali na ndugu wa kupika na wa kulala naye hospitalini. Nauli imekuwa sehemu ya ugonjwa. Konseri inayochangisha fedha ya upasuaji inaweza kujikuta imelipa usafiri tu.

Serikali haiwezi kukwepa hapa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 imeweka misingi ya kuwafikishia wananchi wote huduma. Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua mpango wa kujifungua bila malipo, ukaanzia Kinshasa na kupangwa kwenda majimboni kwa awamu. Mpango huo ni mzuri, na unapofika mahali na kulipwa kwa wakati, unaondoa sababu moja kubwa ya konseri hizi. Tatizo ni kwamba hospitali isiyorudishiwa gharama kwa miezi kadhaa hurudi kumdai mama kwa mlango wa nyuma: nunua glovu, nunua sindano, leta mafuta. Wabunge wanaotoka Maniema wanapaswa kuulizwa juu ya hilo kila wanaporudi likizo, badala ya kupigiwa mabanga kwenye konseri, kutoa noti mia za dola mbele ya kamera na kuondoka wakiwa wafadhili. Mbunge anayelipia mgonjwa mmoja hadharani amefanya jambo la jirani mwema. Kazi aliyotumwa ni kupitisha bajeti ya afya na kuifuatilia hadi ifike Kibombo.

Lakini ngiri haitasubiri bajeti ya Kinshasa, kama isivyosubiri kwaya. Ndiyo maana swali linalofaa kuulizwa sasa linahusu konseri yenyewe: fedha ambazo watu wa Kibombo tayari wanazitoa, kwa hiari na kwa furaha, zinaweza vipi kufika kabla ya mgonjwa badala ya baada yake?

Jibu si geni katika sehemu hizi. Kabla ya mtu yeyote kuandika neno bima kwenye karatasi, vyama vya ngoma vya Afrika Mashariki vilikuwa na kitu kinachofanana nayo. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa na wanajeshi, makarani na wafanyakazi wa reli hadi upande wa Kongo, ilikuwa na vyeo, sare, tarumbeta na mashindano makali. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha pia upande wake usioonekana kwenye gwaride: wanachama walitoa michango, na michango hiyo ilimsaidia mwenzao aliyeugua na kumzika aliyekufa mbali na kwao. Watawala wa kikoloni waliviogopa vyama hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Watu waliocheza pamoja walikuwa pia na hazina pamoja.

Kinshasa ya miaka ya 1950, ikiitwa bado Léopoldville, ilikuwa na vyama vya wanawake vilivyoitwa moziki. Kina mama hao walivaa vitambaa vya aina moja, walikaa meza za mbele kwenye baa ambako orkesta zilipiga, na baadhi ya orkesta ziliwaimba kwa majina. Nao walikuwa na mchango wao wa zamu, wa kusaidiana katika msiba na shida. Likilemba ya leo, ambayo wauzaji wa soko la Kibombo kama wa Kindu wanaicheza kila wiki, ni ya ukoo huo. Muziki na sanduku viliishi nyumba moja. Mahali fulani njiani vikatengana, konseri ikabaki na mgonjwa mmoja mmoja, likilemba ikabaki na biashara.

Mtu aliyeijua hali ya mnyonge na kuiimba alizaliwa Kindu. Ramazani Mtoro Ongala, ambaye Tanzania nzima ilimjua kama Dokta Remmy, alizaliwa hapo mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa bendi yake ya Super Matimila akawa sauti ya watu wa chini kiasi kwamba kituo cha daladala huko Sinza kimebaki na jina lake. Aliimba juu ya kifo na juu ya ukimwi wakati ambapo redio zilikuwa zinaona haya. Yeye mwenyewe alisumbuliwa na kisukari na kiharusi miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Msanii anapougua, angalau ana jina. Watu wanamkumbuka, wanatoa.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya pili ya konseri, ambayo watu hawapendi kuisema: inamchagua mtu. Inamchagua mwenye kwaya, mwenye ndugu wengi, mwenye sura inayopendeza kwenye karatasi ya mwaliko. Mwalimu mpendwa anapata. Kijana aliyeimba soprano anapata. Mjane mzee aliyehamia kutoka kijiji kingine, asiyeenda kanisani kwa sababu miguu imevimba, hasomwi kwenye matangazo yoyote. Ugonjwa wake pia haupendezi. Ni vigumu kutunga karatasi ya mwaliko kuhusu fistula au kifua kikuu.

Nguvu ya sura imeonekana hata kwenye simu. Agosti 2015 mwandishi wa Kenya Jackson Biko alisimulia kisa cha kijana wa chuo kikuu mwenye uvimbe kwenye ubongo aliyehitaji kwenda India. Lengo lilikuwa shilingi milioni 1. Ndani ya siku chache Wakenya walituma zaidi ya milioni 6. Wakati ule ule, katika nchi ile ile, kulikuwa na vijana wengine wenye uvimbe kama huo ambao hawakupata mwandishi. Tanzania, mwigizaji Juma Kilowoko, maarufu Sajuki, alichangiwa na mashabiki mwaka 2012 hadi akafika India kwa matibabu. Alifariki tarehe 2 Januari 2013. Michango ilikuwa ya kweli na upendo ulikuwa wa kweli, lakini hakuna mfuko wa kudumu uliobaki nyuma yake kwa ajili ya msanii mwingine ambaye angeugua mwaka uliofuata.

Mfano wa kinyume upo, tena wa karibuni. Joseph Haule, mwanamuziki anayejulikana kama Professor Jay na mbunge wa zamani wa Mikumi, alilazwa Muhimbili kwa muda mrefu mwaka 2022 akiwa mahututi. Alipopona, mwaka uliofuata alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Sura iliyowafanya watu wahuzunike iligeuzwa kuwa mlango wa wengine. Kwa Kibombo, ambako hakuna nyota wa televisheni, kitu hicho hicho kinaweza kufanywa na kwaya ya parokia.

Pendekezo lenyewe ni dogo. Kila konseri ya mgonjwa iendelee kuwa na jina lake na sura yake, kwa sababu watu hawatoi kwa ajili ya wazo. Lakini kabla ya kuku wa kwanza kupigwa mnada, mtangazaji aseme wazi kwamba theluthi moja ya kitakachopatikana itabaki kwenye sanduku la wagonjwa la eneo hilo. Na mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya mpunga, wakati ambapo hata mkulima wa mwisho ana chochote mfukoni, zifanyike konseri zisizo na mgonjwa yeyote. Ziwe za sanduku tu. Chukua kaya 1,000 zinazotoa franga 5,000 kila moja kwa mwaka: hizo ni franga milioni 5 zilizokaa tayari kabla mtu hajashikwa na uchungu usiku wa manane. Sanduku lisijaribu kulipia kila kikohozi. Lilipie saa za kwanza za dharura: damu, upasuaji usiosubirika, na mafuta ya pikipiki au gari la kumfikisha mgonjwa Kindu. Mengine familia na konseri zake zitayamaliza baadaye, mgonjwa akiwa hai.

Atakayesema jambo hili haliwezekani Kongo aangalie Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, ambako hospitali ya mashambani ilianzisha mpango wa aina hii mwaka 1986, katika Zaire ya Mobutu, barabara zikiwa mbovu na fedha ya nchi ikiyeyuka. Kila mwanachama alilipa mchango mara moja kwa mwaka, muuguzi wa kituo cha afya akiwaandikisha watu. Mtu akilazwa, mfuko ulilipa asilimia 80 ya bili na yeye alimalizia 20. Zaidi ya nusu ya wakaaji wa eneo hilo waliingia. Wataalamu wa afya wa nchi nyingi wameutaja mpango huo kwa miaka mingi. Tangu Februari 2017 Kongo ina sheria maalumu ya vyama vya kusaidiana, kwa hiyo sanduku la Kibombo likikua linaweza kuandikishwa na kulindwa.

Vyama vingi vya namna hii vimekufa pia, na ni vizuri kujua vilikufa na nini. Mara nyingi si umaskini. Ni mhasibu aliyehama na daftari. Ni hospitali iliyopokea mchango wa mwaka kisha ikamwambia mwanachama dawa zimeisha. Ni watu kulipa mwaka wa kwanza, kutokuugua, na kuona wameibiwa. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna hotuba inayomfurahisha mtu aliyelipia ugonjwa ambao haukuja. Hapo konseri ina faida ambayo bima ya karatasi haina: mtu aliyetoa franga 5,000 na hakuugua, angalau aliimba, alicheza, na alimwona jirani yake akinunua kuku kwa bei ya mbuzi.

Kuhusu mhasibu, dawa yake inajulikana. Sanduku liwe na funguo tatu: moja kwa hospitali, moja kwa makanisa na msikiti kwa zamu, moja kwa kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile CODESA ambayo kila eneo la afya tayari linayo kwenye karatasi. Bili ya mgonjwa isomwe kabla ya konseri kuanza, ili watu wajue wanaimbia kiasi gani, na risiti ya hospitali ibandikwe mlangoni mwa kanisa Jumapili inayofuata. Kikipatikana zaidi ya bili, kizidicho kiingie sandukuni. Mgonjwa akifariki kabla ya siku ya konseri, sheria iwe imeandikwa mapema inayosema fedha inakwenda wapi, kwa maana sasa inakwenda kwenye matanga bila mtu kuuliza. Si siri kwamba beseni la matanga hujaa haraka kuliko la hospitali. Watu ambao hawakuwa na franga 2,000 za damu hupata sanda, sukari na mbao.

Uzembe wa mahesabu hauchagui maskini. Tamasha maarufu la kuisaidia Bangladesh, lililofanywa New York tarehe 1 Agosti 1971 na George Harrison na Ravi Shankar, lilijaza Madison Square Garden. Fedha za kiingilio zilifika haraka. Lakini waandaaji hawakuwa wameomba msamaha wa kodi mapema, na sehemu kubwa ya mapato ya santuri na filamu ikakwama kwa miaka mingi kwenye mabishano na mamlaka ya kodi ya Marekani, huku wakimbizi walioimbiwa wakiwa wameshazika watoto wao. Kama wale waliokuwa na mawakili walijikwaa hapo, kwaya ya Kibombo haitaki aibu kwa kuambiwa iandike karatasi kwanza.

Kuna wanaoona kwamba kuchanganya dini kwenye sanduku moja kutaleta ugomvi. Maniema ina Waislamu wengi, hasa upande wa Kasongo, na Wakristo wa makanisa mengi, na si kila mmoja atakubali kusimama kwenye ukumbi wa mwenzake. Basi wasisimame. Qasida zisomwe uwanja wa msikiti, kwaya ziimbe kanisani, na vijana wa orkesta wapige sokoni. Beseni zitakutana hospitalini, ambako tayari wagonjwa wa dini zote wanalala kitanda kimoja wawili wawili vitanda vikipungua.

Wengine watasema Serikali itapumzika ikiona watu wamejilipia. Hofu hiyo ina msingi. Lakini Serikali imekuwa ikipumzika hata bila sanduku, na kamati yenye daftari la mwaka mzima, linaloonyesha wagonjwa wangapi walipelekwa Kindu kwa pikipiki na wangapi walikosa damu, ina hoja nzito mbele ya liwali wa jimbo kuliko familia moja inayolia. Daftari hilo ndilo la kumpelekea mbunge anapokuja likizo, kabla hajaketi meza ya mbele.

Kwaya za Kibombo hukutana Jumamosi kwa mazoezi. Viongozi wake hawahitaji barua ya Kinshasa wala ya Kindu ili kukubaliana kuhusu theluthi moja, funguo tatu na mahali pa kubandika risiti. Muuguzi mkuu anaweza kualikwa aje na orodha ya bei ya damu, ya upasuaji wa ngiri na wa uzazi, watu wazisikie wakiwa wazima, kabla kinanda hakijawashwa.